Mkono wa Upepo

Acheni! Acheni mateke hapo uani, nimesema. Mnanirushia vumbi kwenye kunde zangu, na wewe Mwanaidi umeshaiangusha kamba ya nguo mara mbili. Ati kung fu! Mmejazana kwenye kibanda cha video tangu asubuhi, mmetoka huko kila mtu bingwa. Haya Kombo, mpige mwenzio bila kumgusa, tukuone. Ameanguka? Ameanguka kwa sababu wewe ni mkubwa wake, na juzi ulimnunulia ubuyu. Ketini. Kila mmoja achukue konzi yake ya kunde amenye, na shangazi yenu awaambie jambo.

Hapo zamani za kale, na nikisema za kale mjue hata mimi sikuwepo, msije mkaniuliza maswali, wanyama walikuwa na nyumba zao, na jiko, na mafiga, na walikuwa na adabu kuliko nyie. Palikuwa na kijiji kikiitwa Kichuguuni. Watu wa Kichuguuni walikuwa na desturi moja: mkubwa akiinua mkono mbele yako, na wewe ni mdogo wake, husimami wima. Unapiga magoti, kichwa chini, mpaka aushushe. Hiyo ndiyo ilikuwa shikamoo yao.

Siku moja akapita mgeni, Nguchiro. Mwembamba, ana njaa ya siku tatu, akitembea husikii mguu. Sharubu zake nyeupe pe. Si uzee, jamani! Ukoo wao walizaliwa nazo hivyo hivyo.

Akapita nyuma ya nyumba ya Nyati, akaona mlango wa jiko uko wazi na chungu cha uji kiko mafigani, pwata, pwata, pwata. Akaingia. Akachota. Akachota tena. Mara mlangoni pakawa giza.

"Nani huyo kwenye chungu changu?"

Alikuwa Nyati mwenyewe, mwenyekiti wa kijiji. Hakungoja jibu. Akainamisha pembe akaja, tii! tii! tii!

Nguchiro hakuwa na pa kukimbilia. Akainua mkono kuziba uso, basi, kama ambavyo ungefanya hata wewe.

Nyati akauona mkono uko juu. Akaziona sharubu nyeupe. Mungu wangu, mzee! Akafunga breki, akataka kupiga magoti, lakini mbio zilikuwa zimeshamkolea. Goti moja likashika, la pili likateleza kwenye uji uliomwagika. Puuu! Akabiringika mpaka ukutani, miguu minne juu.

Majirani wakaja mbio. "Kuna nini? Kuna nini huku?"

Nyati yuko chali, uji umemjaa masikioni. Aseme nini? Aseme ameteleza jikoni kwake, yeye mwenyekiti? Akameza mate. "Mzee huyu... amenipiga."

"Amekupiga! Amekupiga na nini?"

"Hakunigusa," akasema Nyati. Na hapo, kusema haki, hakudanganya.

Basi akili ya Nguchiro ikawaka. Akaushusha mkono polepole, akaupangusa kama mtu anayepangusa panga.

"Huo unaitwa Mkono wa Upepo," akasema. "Ni mapigo ya babu zangu. Hayamgusi mtu. Na mwenyekiti wenu nimemhurumia, nimetumia robo tu."

"Robo!" Majirani wakashika vichwa.

Alikuwepo Ngiri, mbishi asiyekubali kitu. "Na mimi nipige," akasema.

Nguchiro akanyoosha sharubu zake. Akainua mkono. "Hiii... fuuu!"

Ngiri akangoja. Hakuna kitu. Akamtazama Nyati, Nyati anamtazama kwa macho ya kumwomba. Ngiri akawaza: nisipoanguka, nimemwita mwenyekiti mwongo mbele ya watu. Halafu mkono wa mzee uko juu, magoti ni lazima nipige tu. Akapiga magoti, na kwa kuwa alishafika huko chini, akaona amalizie. Puu! Akalala. "Loo! Kali hiyo!"

Baada ya hapo Pundamilia akaanguka ili asimuaibishe Ngiri. Pofu, yule swala mkubwa, akaanguka ili asimuaibishe Pundamilia. Kila mmoja alimstahi mwenzake, na kila mmoja alirudi kwake siku ile akidhani ni yeye peke yake ambaye hakusikia kitu.

Nguchiro hakuondoka tena Kichuguuni. Wakamjengea nyumba, wakamfagilia uwanja, wakaanza kumwita Mwalimu. Kila asubuhi walipanga mistari, naye akawafundisha: "Ruka pembeni! Geuka! Inua mkono! Hiii... fuuu!" Ile ya kuruka pembeni aliiweka kunogesha tu. Mwili wake ulizoea kuruka hivyo tangu utotoni, basi akaiingiza, mapigo yaonekane marefu.

Mwanzoni usingizi ulikuwa haumjii kwa kucheka. Anajifunika shuka, kwi kwi kwi. Miaka ikapita, akaacha kucheka. Ukiangukiwa miaka saba, kila asubuhi, na madume yenye pembe, unafika mahali unautazama mkono wako mwenyewe unasema: labda. Nguchiro naye alifika hapo.

Sasa palikuwa na binti wa Digidigi, jina lake Tunu. Huyu alizaliwa Mwalimu ameshakuwa Mwalimu. Wakubwa walikuwa wanajua wanavyoanguka. Tunu hakuwa na la kujua. Alichokiona tangu anafumbua macho ni mkono kuinuka na watu kulala. Akajifunza kwa moyo wake wote. Alfajiri yuko uwanjani, jua kali yuko uwanjani, anaruka, anageuka, anainua mkono mpaka unatetemeka. Miguu yenyewe ndiyo hii ya Digidigi, ungeweza kuifunga na uzi.

Na Nyati alikuwa anampenda mtoto yule. "Mjomba, simama nikupige!" anasema Tunu. Nyati anasimama. "Hiii... fuuu!" Puuu! Mzigo mzima ule unakwenda chini, vumbi linapanda. Tunu anarukaruka kwa furaha. Mara kumi na moja alimwangusha Nyati, na zote kumi na moja alizihesabu.

Ikaja kiangazi.

Kichuguuni walikuwa wanatumia bwawa moja na watu wa Mbugani. Wakati wa kiangazi maji yanapungua; wanaokunywa asubuhi wanakunywa maji, wanaokunywa jioni wanakunywa tope. Kwa hiyo kila mwaka vijiji viwili viliingia ulingoni. Mpiganaji mmoja huku, mmoja kule, kamba ya ukindu inalazwa chini duara, anayetupwa nje ya kamba ameshindwa, na kijiji chake kinakunywa jioni mwaka mzima. Mwaka ule Mbugani walimtoa Mbuni.

Kikao kikaitishwa. Ngiri akauliza, "Mwenyekiti, unakwenda wewe kama siku zote?"

Kabla Nyati hajafungua mdomo, Tunu akasimama. "Nitakwenda mimi."

"Wewe!"

"Mimi. Nimemwangusha mwenyekiti mara kumi na moja, na mashahidi ni nyie. Huyo Mbuni anamzidi nini mwenyekiti?"

Nani ajibu? Kwa Nyati, kusema kweli ilikuwa ni kusema: mimi ni mwongo wa miaka saba. Ngiri akatazama kwato zake. Pundamilia akakohoa. Halafu kila mmoja akawaza, mbona mtoto anaonekana ana uhakika, labda kasoro niko nayo mimi tu. Wakageuka wote kumtazama Mwalimu.

Ulimi wa Nguchiro, uliokuwa na maneno siku zote, siku hiyo ulikuwa na neno moja tu. "Tutaona," akasema.

Mchana ule ule akaenda Mbugani, peke yake, akipita kwenye majani marefu. Akamkuta Mbuni anafanya mazoezi. Mbele yake pana kichuguu kikavu, kigumu kama jiwe. Mbuni akainua mguu. Paa! Upande mzima wa kichuguu ukamwagika. Akapumua, akainua tena. Paa! Jasho linamtoka, kucha zina damu, na hakuna anayemtazama wala kumpigia makofi.

Nguchiro akatoka majanini. "Kijana, hujambo?"

"Sijambo, babu. Shikamoo."

"Marahaba. Simama hapo." Akainua mkono. "Hiii... fuuu!"

Mbuni akamtazama, shingo imepinda. "Babu, mkono unakuuma?"

"Nimekupiga."

"Lini?"

"Sasa hivi. Ni Mkono wa Upepo."

"Aa, samahani," akasema Mbuni, na alisema kwa heshima kabisa. "Labda sikuwa tayari. Hebu rudia." Akasimama vizuri, akafumba macho, akangoja. Nguchiro akarudia. Akarudia mara ya tatu, akavuta pumzi mpaka ya mwisho. Mbuni akafumbua jicho moja. "Bado, babu? Nisamehe, sisikii kitu. Kwetu tukitaka kujua pigo kama ni pigo, tunampa mtu asiyetupenda. Wewe huwa unampiga nani?"

Miaka saba, na swali lile hakuna aliyewahi kumuuliza.

"Ngoja nikuonyeshe langu," akasema Mbuni. "Usiogope, sikugusi." Akarusha teke hewani, mbali kabisa na pale aliposimama mzee. Fyuuu! Upepo wa teke lile ukamchukua Nguchiro ukamlaza chali kwenye majani.

Akalala pale anaangalia mawingu. Huo sasa ndio mkono wa upepo, akawaza. Halafu akaifikiria miguu ya Tunu, na machozi yakamtoka. Aliogopa, watoto. Alikuwa hajawahi kuogopa vile, hata siku ile ya uji.

Asubuhi akawaita wote uwanjani. Wakapanga mistari. Tunu yuko mbele, anang'aa.

"Sikilizeni," akasema. "Mkono wa Upepo haupo. Niliutunga. Nilikuwa na njaa, nikashikwa nikila uji wa watu. Hakuna babu yangu aliyemwangusha mtu bila kumgusa. Sasa nainua mkono, na nawaomba, msianguke."

Akainua. "Hiii... fuuu!"

Puu! Puu! Puu! Puuu! Uwanja mzima chini.

"Nimesema msianguke!"

"Mwalimu anatupima!" akanong'ona Pundamilia kutoka vumbini. "Anatupima kama tuna majivuno."

"Angalieni unyenyekevu wa mtu mkubwa," akasema Pofu. "Ana uwezo wote ule, halafu anasema hana."

"Nakwambieni ni uongo!"

"Ndiyo, Mwalimu," wakajibu wote, vichwa chini, kwa adabu. Na mkono ulikuwa bado uko juu, kwa hiyo hakuna aliyeinuka.

Mnaona shida yake? Aliwadanganya kwa nusu dakika jikoni, na ukweli ulikuwa hauingii hata kwa kuusukuma.

Walipotawanyika akamshika Nyati. "Bwana Nyati, wewe unajua. Siku ile uliteleza."

Nyati akageuza uso. "Mwalimu, usinivunjie heshima."

"Yule mtoto atavunjwa miguu!"

Nyati akakaa chini kwa uzito wake wote. Alikuwa analia, dume kubwa lile. "Nimwambieje? Nimemwangukia tangu ana wiki mbili. Kila nikitaka kumwambia, naona anavyofurahi. Ukiweza wewe, mwambie."

"Nimemwambia. Amesema ndiyo, Mwalimu."

Wakatazamana, wazee wawili, kila mmoja na aibu yake. Nguchiro akaondoka hajaaga.

Siku ya ulingo ikafika. Jua la utosi, vijiji viwili vimejaa kando ya bwawa, kamba ya ukindu imelazwa. Mwamuzi alikuwa Kobe, ambaye hakuwa wa kijiji chochote, na hakuna aliyewahi kumharakisha.

"Atakayeingia ndani ya kamba wa kwanza," akasema Kobe, "ndiye mpiganaji wa kijiji chake. Hakuna kubadilisha."

Mbuni akaingia, akasimama katikati, shingo juu. Tunu upande wa pili anarukaruka kupasha mwili. Ruka, geuka, inua mkono. Mama yake anamfunga kitambaa chekundu kichwani, anasema, "Mwanangu, mlete nyumbani mzima mzima huyo Mbuni, usimuumize sana."

Tunu akainua mguu kuivuka kamba. Mara kitu kikapita chini ya tumbo lake, vup! Ni Nguchiro, yuko ndani.

"Mwalimu! Ni zamu yangu!"

"Wa kwanza ameingia," akasema Kobe. "Imeshakuwa."

Kichuguuni wakalipuka. Vigelegele! "Mwalimu mwenyewe! Leo Mbugani watahama!"

Nguchiro akatembea mpaka mbele ya Mbuni. Akainua mkono, juu kabisa, kila mtu auone. "Hiii... fuuu!"

Nyuma yake kijiji kizima kikaenda chini. Puu, puu, puu, mpaka mama zao na watoto mgongoni. Halafu mmoja mmoja wakainua vichwa, mavumbi puani, wakaangalia ulingoni.

Mbuni amesimama.

"Nimetumia yote!" Nguchiro akawapigia kelele. "Mnaona? Yote! Sina nyingine!"

Halafu sauti nyembamba ya Tunu: "Ametumia robo tu!"

"Robo!" wakaitikia. "Mwalimu bado ana robo tatu!"

Nguchiro akafumba macho. Robo. Neno lake mwenyewe, lile la siku ya kwanza.

Mbuni akainamisha shingo, akanong'ona. "Babu, nilishakwambia lile halinipati. Toka taratibu. Kwetu hatupigi wazee, hata wakituudhi."

"Hutanipiga?"

"Sikupigi."

Alikuwa anasema kweli, na hiyo ndiyo ilikuwa hatari. Mzee angetoka nje ya kamba mzima, watu wangesema upepo ulikuwa umekwisha siku hiyo, na mwaka unaofuata wangemvika Tunu kitambaa chekundu tena. Nguchiro akatazama nyuma mara moja, akaiona ile miguu. Kisha akasogea karibu na sikio la Mbuni.

"Kijana," akanong'ona, "dada yako si alipoteza mayai mwaka juzi?"

Mbuni akakakamaa. "Matatu. Hatujui nani aliyala."

"Matamu sana, jamani. Sijapata kula mayai kama yale."

Teke lile halikusema hiii, wala halikusema fuu. Lilisema paa!

Nguchiro akaruka juu ya kamba, juu ya Kobe, juu ya vichwa vya safu ya kwanza, akaanguka mbele ya Tunu na mbavu mbili zimevunjika. Vigelegele vikakatika.

Alikuwa mdogo sana pale chini. Miaka saba hakuna aliyemtazama akaona udogo wake. Sharubu zina damu, pumzi inakwaruza. Akataka kuinuka, hakuweza. Akainua mkono.

Akauinua juu, mbele ya kijiji chote. Na hakuna aliyeanguka. Wakasimama wima, wote, wanautazama, na ndipo walipouona kwa mara ya kwanza ni mkono gani: wa mtu anayeomba kuinuliwa.

Nyati magoti yalimpinda yenyewe, yamezoea. Akayakaza. Akatembea mpaka kwa mzee, akamshika mkono, akamwinua.

"Niliteleza kwenye uji," akasema Nyati kwa sauti, kila mtu asikie. "Siku ile. Niliteleza tu."

"Na mimi sikusikia kitu," akasema Ngiri.

"Hata mimi."

"Hata mimi!" Wakatazamana, kila mmoja anamshangaa mwenzake.

Mbuni naye akaja, akakunja miguu, akakaa kwenye vumbi. "Babu. Mayai ya dada yangu, uliyala kweli?"

"Sikuyala. Hata mwaka juzi sikufika kwenu. Nilitaka upige kweli."

"Umenidanganya!"

"Ndiyo," akasema Nguchiro. "Na sasa nimemaliza kudanganya."

Tunu akamsogelea Nguchiro. Akavua kitambaa chekundu. "Ulijua tangu lini?"

"Tangu siku ya kwanza."

"Na mara zangu kumi na moja?"

Nguchiro akamtazama Nyati, Nyati akatazama chini.

"Mngenipeleka pale," akasema Tunu. "Nyote mlikuwa mnajua. Nyote mnanipenda, na mngenipeleka pale." Akalia kwa uchungu, akakimbilia porini, na hakuna aliyethubutu kumfuata.

Mwaka ule Kichuguuni walikunywa tope. Walinung'unika? Sana! Ngiri alinung'unika mpaka akawachosha wanung'unikaji wenzake. Lakini kila jioni wakienda bwawani walimwona Tunu anakunywa nao, miguu yake minne mizima, na manung'uniko yakapungua.

Mwezi ukaisha. Siku moja Tunu akaja kwenye mlango wa Nguchiro. Hakupiga magoti. Alisimama.

"Katika yote uliyotufundisha," akasema, "kuna hata moja la kweli?"

Nguchiro alikuwa amefungwa mbavu kwa magome. Angeweza kusema jambo zuri lolote, ulimi wake ulikuwa haujavunjika. "Lile la kuruka pembeni," akasema. "Lile la mwanzo. Nililiweka kunogesha, lakini babu zangu walimkwepa nyoka swila kwa kuruka vile, kila siku ya maisha yao. Nadhani lile ni la kweli. Sina hakika. Halijajaribiwa na mtu asiyenipenda."

"Basi simama tukajaribu. Mimi kwa sasa sikupendi."

Wakaenda uwanjani. Wakamwita Nyati. Tunu akamwambia, "Mjomba, njoo mbio. Njoo kweli. Ukinistahi, sikusemeshi tena."

Nyati akaja, tii! tii! tii! Mara ya kwanza alimkumba, Tunu akalala siku mbili. Mara ya pili alimkwaruza. Mara ya tisa pembe zikapita hewani, na Tunu alikuwa amesimama pembeni, anahema, macho yamemtoka.

"Ni la kweli," akasema.

"Ni la kweli," akasema Nguchiro, na akakaa chini. Vitu vyote alivyoiba, na kitu chake mwenyewe alikuwa hajui thamani yake.

Kiangazi kilichofuata Tunu akaingia ulingoni. Mbuni akarusha teke, akakuta hewa. Fyuuu! La pili, hewa. La tatu, hewa. La nne likampata begani, akabiringika mpaka kwenye kamba, kijiji kizima kikashika roho. Akajisogeza. Akainua kichwa. Akasimama.

Kichuguuni walipiga vigelegele mpaka ndege wakahama mitini. Walikuwa wameanguka miaka saba, lakini mtu wao aliyeanguka kweli akainuka kweli, huyo walikuwa hawajamwona.

Nini, Kombo? Kama alishinda? Teke la saba lilimtoa nje ya kamba. Wakanywa tope mwaka wa pili. Alishinda mwaka wa tatu, na Mbuni mwenyewe alimbeba begani kumpeleka bwawani, na maji ya asubuhi wakanywa. Lakini ukimuuliza Nguchiro ni siku gani alifurahi zaidi, atakwambia ni siku ile ya mkono hewani na watu wima.

Kwa hiyo shikeni hili moja: anayekuangukia kwa kukustahi anakunyima kujua kama kweli unaweza.

Haya. Hadithi imekwisha, kunde hazijaisha. Kombo, simama umpige tena mwenzio bila kumgusa. Na wewe mtoto, safari hii, usianguke.